Sonko, Jenerali na kura yetu iliyopotelea njiani

Kila tunapozungumza kuhusu jiji hili la Nairobi, iwe ndani ya matatu, kwenye kibanda cha chapati au kwenye baa za wenye suti kule Westlands, lazima utasikia moja kati ya sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Bora Sonko, yeye angalau alikuwa anasaidia watu." Ya pili: "Bora yule Jenerali, wanajeshi hawana porojo." Wanaosema ya kwanza wanawaona wenzao kuwa wenye maringo. Wanaosema ya pili wanawaona wenzao kuwa mbumbumbu. Mimi nasema, na mnisamehe wenzangu, kwamba hawa wote wanaugua ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni huu: tumezoea kupewa jiji letu kama sadaka. Akitupa mtu mwenye mikufu ya dhahabu tunashangilia, akitupa mtu mwenye gwanda tunashangilia pia. Hakuna anayeuliza kwa nini tunapewa kitu ambacho ni chetu.

Hebu tuipitie safari ya huyu bwana Mike Sonko tangu mwanzo, kwa utaratibu, bila matusi na bila kumtukuza. Naona wengi wanakumbuka sinema tu na kusahau hadithi.

Tuanze na jina. Jina lake ni Gidion Mbuvi Kioko. Sonko, kwa wasiojua Sheng, ni tajiri, mtu mwenye pesa za kumwaga. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakutuficha lolote. Wengine huingia kwenye siasa wakijiita watumishi wa wananchi, watetezi wa wanyonge, mabingwa wa maendeleo. Yeye alisema: mimi ni tajiri, nichagueni. Na tukamchagua!

Ilikuwa Septemba 20, 2010, uchaguzi mdogo wa Makadara, baada ya mahakama kubatilisha ushindi wa Dick Wathika wa mwaka 2007. Sonko aligombea kwa tiketi ya Narc-Kenya, chama cha Martha Karua, akawaangusha Wathika, aliyewahi kuwa meya wa jiji, na Reuben Ndolo, aliyewahi kuwa mbunge wa hapo hapo. Vyama vikubwa vikabaki vinashika tama. Katiba mpya ilikuwa imezinduliwa Agosti 27, yaani haikuwa hata imetimiza mwezi mmoja. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 2011 alitolewa nje ya Bunge kwa sababu ya vipuli masikioni na miwani ya jua. Waheshimiwa wakakasirika, magazeti yakaandika, wasomi wakacheka. Kule Eastlands watu walicheka pia, ila walikuwa wanawacheka waheshimiwa. Kijana wa Jericho au Maringo aliyefukuzwa na askari wa kanjo asubuhi, akafukuzwa na mwenye nyumba jioni, alimwona mtu anayefukuzwa kama yeye, tena kwa sababu ya mavazi. Ukitaka kuelewa kura alizozipata baadaye, anzia hapo.

Na kura zilikuja. Mwaka 2013 aligombea useneta wa Nairobi akapata zaidi ya kura 800,000. Mwaka 2017 akamshinda Peter Kenneth katika mchujo wa Jubilee, kisha akamwangusha Gavana Evans Kidero, tena kwa zaidi ya kura 800,000. Mimi nilipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 2017. Niliyempigia ni siri yangu na debe. Lakini nakumbuka mtaani kwetu watu walivyosherehekea, na sikumwona hata mmoja aliyekuwa amelipwa ili ashangilie.

Sasa hapa ndipo wasomi wanapokosea. Wanasema watu wa mitaa ya mabanda walinunuliwa kwa unga na noti za mia mia. Tusidanganyane. Ukimnunua mtu mara moja unaweza, lakini kumnunua mara tatu katika miaka saba ni vigumu kama hakuna kingine anachokiona kwako. Walichokiona ni Sonko Rescue Team: ambulensi, malori ya maji, magari ya zimamoto, magari ya kubeba maiti. Mtoto akiugua usiku Mukuru, unampigia nani? Nyumba zikiungua Kibra, nani anafika? Ukifiwa na huna pesa ya kusafirisha mwili hadi Siaya au Kitui, unaenda wapi? Ukimpigia Sonko kulikuwa na uwezekano gari lije. Ukipiga simu ya serikali, simu ingeita hadi ichoke.

Jirani mmoja wa kule tulikokuwa tukikaa alimzika mumewe kwa gari la Sonko. Nilipomuuliza miaka kadhaa baadaye kama bado angempigia kura, alinitazama kama mtoto asiye na adabu. "Kijana wangu," akaniambia, "wewe ulileta gari gani?" Nilinyamaza. Swali hilo lina jibu, lakini halikuwa jibu la kumpa mjane mlangoni pake. Ngoja nilitoe hapa.

Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, pale yalipoorodheshwa majukumu ya kaunti. Huduma za ambulensi zimo. Makaburi na vyumba vya kuhifadhia maiti vimo. Maji na usafi wa mazingira vimo. Zimamoto na kukabiliana na majanga vimo. Kuzoa taka kumo. Someni polepole halafu mlinganishe na magari ya Sonko Rescue Team. Yanakaribiana mno! Karibu kila kitu alichokuwa akitugawia huyu bwana kama zawadi kutoka mfukoni mwake kilikuwa tayari kimeandikwa kwenye sheria kuu ya nchi kuwa haki yetu, kilipiwe na kodi yetu, kisimamiwe na kaunti yetu.

Yaani jiji halikuwa likitupa chetu, kisha akaja mtu akatupa kipande kidogo cha hicho hicho, akakipaka rangi na kukiandika jina lake, na sisi tukasema asante. Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa yule mama. Gari alilobebewa mumewe lilipaswa kuwepo hata kama Sonko hajazaliwa. Na lilipaswa kumfikia hata yule jirani ambaye hakuwa na namba ya simu ya Sonko, ambaye hakuwa na mtu wa kumuunganisha, ambaye siku hiyo simu yake haikuwa na salio. Hisani humfikia anayeonekana. Haki inatakiwa imfikie hata asiyeonekana.

Mtasema: lakini wakati ule Sonko alikuwa seneta, hakuwa na mamlaka ya kuendesha ambulensi za kaunti, angefanya nini? Swali zuri. Kazi ya seneta kwa mujibu wa Katiba ni kutetea kaunti na kusimamia pesa zinazotumwa huko. Kwa miaka minne na zaidi alikuwa na kiti, kipaza sauti na kamera za kila kituo cha televisheni. Angeweza kuuliza kila wiki: Gavana Kidero, ambulensi za Nairobi ni ngapi, na ngapi zinatembea? Lakini mwanasiasa anayepata kura kwa sababu serikali haifanyi kazi hana haraka ya kuiona ikifanya kazi. Ambulensi ya kaunti ikifika kwa wakati, ya Sonko inabaki kuwa gari tu.

Haya, Agosti 2017 akaingia City Hall mwenyewe. Sasa visingizio viliisha. Ambulensi, maji, taka, zimamoto, vyote vikawa mikononi mwake kisheria, na bajeti ya zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Wafanyabiashara walikuwa wametulizwa kwa kupewa mgombea mwenza anayeeleweka kwao, Polycarp Igathe, mtu wa makampuni makubwa. Hesabu ilikuwa kwamba Sonko atapiga siasa, Igathe atapiga kazi.

Igathe alidumu miezi mitano. Januari 2018 alitangaza kupitia Twitter kwamba anajiuzulu kwa sababu ameshindwa kupata imani ya gavana. Na hapo, wenzangu, ndipo penye mzizi wa yote yaliyofuata. Sonko hakuziba ile nafasi. Mei 2018 alimpendekeza Miguna Miguna, mtu ambaye serikali ilikuwa imemtimua nchini kwa nguvu, na spika wa bunge la kaunti akakataa. Mengine yalikuwa maneno tu. Hadi Januari 2020 ndipo alipompendekeza Ann Kananu. Karibu miaka miwili mizima, jiji la watu zaidi ya milioni nne halikuwa na naibu gavana, na gavana mwenyewe alikuwa akiendesha mambo mengi kutoka nyumbani kwake Mua, ambako ni kaunti ya Machakos. Mawaziri wa kaunti waliteuliwa, wakahamishwa, wakasimamishwa, wakarudishwa. Ukiripoti habari za kaunti unajifunza kwamba faili haitembei yenyewe. Inahitaji mtu mwenye kiti cha kudumu na ujasiri wa kutia sahihi. Watu wakiishi kwa hofu ya kufutwa, kila faili inalala.

Kwa nini mtu aliyepewa kura zaidi ya laki nane aogope kuwa na naibu? Sina darubini ya kuona moyoni mwake. Lakini naona mfumo wa siasa yake. Hisani haihitaji naibu. Hisani ni ya mtu mmoja, jina moja, simu moja. Ukiwa na naibu, na mawaziri wanaofanya kazi, na idara inayojiendesha, mwananchi atasema "kaunti imenisaidia." Na Sonko hakupanda ngazi ile yote ili kaunti ishukuriwe.

Desemba 6, 2019 alikamatwa Voi na kusafirishwa hadi Nairobi kujibu mashtaka ya ufisadi wa shilingi milioni 357. Aliyakana. (Na tuwe waungwana: Desemba 2022, katika kesi nyingine aliyoshtakiwa, ya milioni 20, mahakama ilimwachilia.) Desemba 11, 2019 alipewa dhamana, lakini kwa sharti kwamba asikanyage ofisini. Sasa mnaona? Gavana amezuiwa kuingia ofisini, naibu hayupo. Jiji kuu la nchi lilikuwa kama matatu iliyoko Thika Road bila dereva na bila utingo.

Wale waliokuwa wakimcheka tangu enzi za vipuli wakasema, tuliwaambia! Nao hapo ndipo nitakapowageukia.

Februari 25, 2020, Sonko alienda Ikulu akatia sahihi hati ya kuhamishia serikali ya kitaifa majukumu manne ya kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma zake, na mipango ya jiji. Baadaye alidai kwamba alileweshwa kwanza na kwamba alipofika kwenye sahihi alikuwa akiona vitu vikiyumba. Kama ni kweli au si kweli mtajua wenyewe. Ninachojua ni kwamba kura za watu wazima wa Nairobi zilipelekwa kwenye meza moja, zikawekewa sahihi asubuhi moja, na hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeulizwa.

Mwezi uliofuata ikaundwa Nairobi Metropolitan Services, NMS, na akaletwa Meja Jenerali Mohamed Badi wa Jeshi la Wanahewa kuiongoza. Juni 2020 mahakama inayoshughulikia kesi za ajira iliamua kwamba sheria haikufuatwa. Mambo yakaendelea. Septemba 2020 Jenerali akala kiapo ili ahudhurie vikao vya Baraza la Mawaziri. Nani angemuuliza maswali? Madiwani wetu? Hakuwa amepigiwa kura na yeyote, na aliyemteua alikuwa mmoja tu.

Najua mtakachosema, maana nimeshaambiwa mara nyingi: "Lakini alifanya kazi!" Sikatai. Visima vilichimbwa mitaa ya mabanda, hospitali mpya zilianza kujengwa, njia za waendao kwa miguu katikati ya jiji zilitengenezwa tukapiga picha. Lakini angalieni tena maneno yenu. Maji ya kisima cha Jenerali na maji ya lori la Sonko yanatoka kwenye fikra moja: kuna bwana mkubwa mahali fulani ambaye amekuhurumia. Wa kwanza alikuwa na jina kwenye ubavu wa gari, wa pili alikuwa na nyota mabegani. Mjane wangu na msomi wa Westlands wanashika bakuli moja, ila la msomi lina vigae vya njia ya miguu.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. Wazee wanakumbuka mwaka 1983, serikali ya Moi ilipolivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuleta tume ya kuteuliwa. Sababu zilikuwa zile zile: uchafu, wizi, uzembe. Tume iliambiwa irekebishe mambo. Ilikaa hadi uchaguzi wa 1992! Karibu miaka kumi jiji likiendeshwa na watu ambao hawakuombwa kura na yeyote. Kama kuteua watu kutoka juu kungekuwa ndiyo dawa, Nairobi ya 1992 ingeng'aa kama kioo. Waulizeni wazazi wenu kama iling'aa.

Kilichobaki cha hadithi mnakijua, lakini wengi wanakijua nusu. Sonko alianza kupigana na NMS aliyoitia sahihi mwenyewe, akakataa kuidhinisha bajeti ya kuipelekea pesa. Kipindi cha korona, Aprili 2020, alipakia chupa ndogo za Hennessy kwenye vifurushi vya chakula cha maskini akisema ni dawa ya kusafisha koo, hadi wenyewe wanaoitengeneza pombe hiyo wakatoa taarifa kusema haizuii virusi. Tukacheka sana. Mitandao ilijaa vichekesho. Na wakati tunacheka, ile serikali tuliyoichagua ilikuwa inafungashwa polepole.

Desemba 3, 2020 madiwani 88 walipiga kura ya kumtimua, wawili wakapinga. Desemba 17 maseneta 27 wakakubali, 16 wakakataa. Akatoka. Mimi sisemi hakustahili kutoka. Gavana aliyeshindwa kuunda serikali yake mwenyewe kwa miaka mitatu hana mtu wa kumlaumu, na Julai 2022 Mahakama ya Juu iliyaidhinisha yote hayo, ikamfungia na mlango wa ugavana wa Mombasa aliokuwa ameanza kuubisha.

Lakini kilichofuata ndicho kinachonikera hadi leo. Katiba, kifungu cha 182, inasema kwamba gavana akiondoka na hakuna naibu, spika wa bunge la kaunti anashikilia nafasi hiyo na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60. Spika Benson Mutura akashikilia. Tume ya uchaguzi ikatangaza tarehe: Februari 18, 2021. Wagombea wakaanza kuchapisha mabango. Kisha mahakama ikasimamisha uchaguzi, na Januari 15, 2021, lile jina ambalo lilikuwa limekaa mwaka mzima likisubiri, la Ann Kananu, likatolewa vumbi. Akahojiwa na madiwani, akapitishwa, akaapishwa kuwa naibu gavana, yote siku hiyo hiyo. Naibu wa gavana ambaye hakuwepo! Kesi zikaenda, zikarudi, na Novemba 16, 2021 akaapishwa kuwa gavana kamili wa Nairobi.

Sina ugomvi na mama huyo, na mahakama zilisema zilichosema. Nahesabu tu. Kuanzia Desemba 2020 hadi Agosti 2022, miezi ishirini, jiji letu liliongozwa na spika aliyechaguliwa na madiwani, jenerali aliyeteuliwa na rais, na gavana ambaye jina lake halikuwahi kuwa kwenye karatasi yetu ya kura. Uchaguzi mdogo uliokuwa umepangiwa tarehe haukufanyika. Na wapi maandamano? Wapi barua za wazi za maprofesa? Wapi sisi, kizazi cha shahada na simu janja? Tulikuwa tumeshughulika kumcheka mtu mwenye mikufu.

Hii tasnia yangu nayo isijifiche nyuma ya kamera. Sonko aliuza magazeti. Picha yake akiwa na pete za dhahabu ukurasa wa mbele ilikuwa na wanunuzi, lakini ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti, inayotoka kila mwaka na kuonyesha shilingi baada ya shilingi, hiyo ilipata safu mbili ukurasa wa kumi na nne, juu ya tangazo la kifo. Ukimfanya mwanasiasa kuwa sinema, usishangae watu wakimpima kwa vituko. Siku alipokosa vituko vipya, wenye madaraka walimwondoa kama msanii aliyechuja, na watazamaji wakaenda nyumbani bila kuuliza tiketi yao imekwenda wapi.

Kwa hiyo msiniambie "bora Sonko" wala "bora Jenerali". Sonko alichukua haki zetu akatuuzia kwa kura. Waliomwondoa walitumia uzembe wake kuichukua kura yenyewe. Wa kwanza aliacha pengo kwa kukataa kujenga serikali, wa pili wakapita kwenye pengo hilo hilo. Mmoja asingewezekana bila mwenzake. Na wote wawili wasingewezekana bila sisi, wapiga makofi wa upande huu na upande ule.

Sasa uchaguzi ujao utakuja, na watakuja nao. Wapo ambao tayari wanagawa unga, wanalipa karo, wanachangia mazishi, wanapiga picha na wagonjwa. Wengine watakuja na suti, wasifu wa kurasa sita na ahadi ya kuendesha jiji kama kampuni, kana kwamba Kidero hakutoka kwenye kampuni kubwa ya sukari, na kana kwamba hatukuona mwisho wake. Nina maswali manne ya kuwauliza, na nawaomba myabebe.

Kwanza: ambulensi za kaunti zinazotembea leo ni ngapi, ziko wapi, na utaongeza ngapi kwa bajeti ipi? Asikuambie kuhusu zake mwenyewe. Uliza za kaunti.

Pili: naibu wako ni nani, atafanya kazi gani hasa, na akiondoka utamleta mwingine lini? Baada ya yaliyotupata, huyu mtu si pambo la bango. Kiti chake kikiwa wazi ndimo kura yetu ilimopotelea.

Tatu: ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu kuhusu Nairobi umeisoma? Taja hoja tatu zilizomo. Asiyeweza kutaja hata moja arudi nyumbani akasome.

Nne, na hili ni kwa wale wa "bora Jenerali": Ikulu ikikuita kesho ukatie sahihi kuhamisha majukumu yetu, utatuuliza kwanza sisi au utakwenda?

Mtasema maswali haya hayana mvuto, hayajazi uwanja wa Jacaranda. Ni kweli. Ambulensi inayofika usiku bila jina la mtu ubavuni, ikamchukua mtoto wa mtu asiyemjua mheshimiwa yeyote, ikampeleka Mama Lucy, haina mvuto. Hakuna atakayeipiga picha, na hakuna mwanasiasa atakayeshukuriwa. Hiyo ndiyo tunayoilipia kila mwezi kwenye mshahara, kwenye leseni ya kibanda, kwenye tiketi ya kuegesha gari. Tuidai hiyo, na atakayetuletea nyingine kama zawadi, tumuulize kwanza ya kwetu iko wapi.